KONA YA MWALIMU: Mtoto si gunia la sokoni

Mwezi uliopita tuliongea juu ya watoto wanaochelewa shuleni kwa sababu ya foleni ya maji. Asanteni wote mlionisimamisha njiani kunipa maoni, hata wale walionigombeza.

Leo tuongee juu ya kupima miili ya watoto: kilo, kimo, mkono, na hasa yule mtoto ambaye watu wanamwita "bonge". Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mwalimu anasahihisha madaftari ya wengine kila siku, kwa hiyo na lake lisahihishwe.

Mizani ya Rumonge

Mimi nimekulia Rumonge. Wazazi wangu walivuka ziwa kutoka Fizi nikiwa bado nabebwa mgongoni, na tulikaa pale miaka mingi kabla ya kuletwa huku mlimani. Wengi wenu mnaujua ule mji: ziwa mbele, michikichi nyuma, na asubuhi harufu ya ndagala wanaoanikwa mchangani.

Mtu wa Rumonge hadanganywi na mizani kirahisi. Akinunua ndagala, kwanza anaangalia kama mshale uko kwenye sifuri. Halafu anaangalia kama sahani imekaa sawa na kama kidole cha muuzaji hakijaegemea. Akinunua mawese, bidoni ya lita 20 ataitikisa na kuinusa ajue kama chini hakuna maji. Mama yangu alikuwa hodari wa mambo hayo. Alisema mizani haina kosa, kosa liko kwa anayeishika.

Basi mimi mtoto wa mama huyo nilikuja kupima watoto wa watu bila kuangalia hata kimoja katika hayo.

Somo la hesabu lililoniharibikia

Ilikuwa mwezi wa tano mwaka 2025. Nilikuwa nafundisha darasa la nne vipimo, yaani kilo na gramu, mita na sentimita. Nikaona kwamba kusoma vipimo ubaoni tu kunachosha. Nikaazima mizani ya kusimamia, nikachora mita ukutani kwa chaki, nikaita watoto mbele mmoja mmoja. Kila mtoto akipanda, nasoma kilo kwa sauti, mwenzake anaandika ubaoni pamoja na jina. Watoto walifurahi sana, na mimi nikajiona mwalimu wa kisasa.

Wengi walikuwa na kilo 24, 26, 28. Akapanda binti mmoja mpole, anayekaa dawati la nyuma. Nikasoma: "Arobaini!" Darasa zima likapiga kelele. Mvulana mmoja akasema, "Kumbe ndiye anakula mgao wetu!" Wakacheka, na mimi pia nikatabasamu. Sikucheka, ila nilitabasamu, na yule binti aliniona.

Kimo chake ukutani kilisoma mita 1 na sentimita 36. Ubaoni jina lake likabaki na namba ile mpaka jioni, kwa sababu sikufuta.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Wenzake walikuwa tayari wamempa jina la "Mama Mgao". Siku ya tisa nikaona aibu kukaa, nikaenda kwao.

Nilimkuta mama yake anachambua maharage. Hakunikaribisha kiti mara moja. Swali lake la kwanza lilinishangaza: "Mwalimu, zile kilo mmeshapeleka ofisini? Mnataka kutukata mgao?" Nikaapa kwamba ilikuwa hesabu ya shule tu. Akasema, "Majirani wameshaanza. Wanauliza sisi tunapata wapi chakula cha kunenepesha mtoto. Wengine wanasema tunauza vitu vya kambi. Na mtoto mwenyewe tangu siku ile hataki kula mchana."

Ndugu zangu, mimi nilidhani nimefundisha kilo na mita. Kumbe nilikuwa nimemnyima mtoto shule na chakula, na nyumba yao nikaiingiza katika masengenyo.

Maswali matatu ya muuguzi

Nilimwomba mama twende kituo cha afya. Nilitaka kujua kama mtoto kweli ana uzito uliozidi, na kama anao asaidiwe namna gani. Muuguzi alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza maswali matatu.

La kwanza: "Alikuwa amevaa nini?" Alikuwa na viatu na sweta nzito, kwa kuwa huku kwetu asubuhi ni baridi. La pili: "Sakafu yako iko sawa?" Sakafu ya darasa langu ni udongo, na pale ukutani kuna shimo. Muuguzi akampima upya bila viatu, visigino vimegusa ubao, macho yanatazama mbele. Alimpima mara mbili. Kimo: mita 1 na sentimita 40. Uzito: kilo 39.

Mtaniuliza, sentimita 4 na kilo 1 ni kitu gani? Ni kitu kikubwa. Kuna hesabu ambayo katika karatasi za afya inaandikwa IMC kwa Kifaransa au BMI kwa Kiingereza. Unachukua kilo, unagawanya kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Kwa vipimo vyangu vibovu, binti alipata 21.6. Kwa vipimo vya muuguzi alipata 19.9.

Kwa mtu mzima hesabu hiyo ina mistari inayofanana kwa wote. Kwa mtoto sivyo, kwa sababu mwili wa mtoto unabadilika kila mwaka. Namba yake lazima isomwe pamoja na umri na kama ni msichana au mvulana. Katika majedwali ya Shirika la Afya Duniani, msichana wa miaka 10 akivuka 19 anahesabiwa ana uzito uliozidi, na akivuka kama 22.6 ni unene wa kupindukia. Kadi ya huyu binti iliandikwa tarehe 1 mwezi wa kwanza 2015. Basi alikuwa na miaka 10, na 19.9 imevuka mstari.

Hapo ndipo likaja swali la tatu. Muuguzi alitazama ile tarehe, akatabasamu, akamgeukia mama: "Mama, huyu alizaliwa kweli Januari moja?"

Wasomaji, mnacheka, kwa sababu mnajua. Hapa kambini nusu ya watu tunazaliwa siku moja! Usipokuwa na karatasi ya kuzaliwa, wanakuandikia Januari moja, na mwaka ni wa kukadiria. Mama akasema mwaka 2024 ziwa lilipopanda na kuingia nyumbani kwao Rumonge walipoteza karatasi zote. Siku ya kuandikishwa alikuwa amechoka, na mwandishi aliangalia sura ya mtoto akaweka mwaka.

Muuguzi hakumwuliza tarehe tena. Alimwuliza: "Ukiwa na mimba yake, kulitokea nini?" Mama akafikiri kidogo, halafu akasema: "Soko kuu la Bujumbura liliungua. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Mzigo wetu wa vitenge uliteketea mle ndani, na mimi nililia mpaka wakasema nitazaa kabla ya siku."

Soko kuu la Bujumbura liliungua tarehe 27 mwezi wa kwanza 2013. Mtu wa mwambao hawezi kuisahau siku ile. Basi binti alizaliwa karibu na mwezi wa tatu 2013. Siku niliyompandisha kwenye mizani alikuwa na miaka 12, wala si 10.

Kwa msichana wa miaka 12 mstari wa uzito uliozidi uko karibu na 21. Yeye ana 19.9. Hana uzito uliozidi. Ni msichana anayeanza kukua, mwili wake unajaza kama ilivyo kawaida ya wasichana wa umri huo, na amewekwa darasani na wadogo zake wa miaka 9 na 10. Ndiyo maana alionekana mkubwa.

Namba hizi zilitoka wapi

Nilirudi nyumbani nimeazima karatasi za muuguzi, nikasoma kwa taa mpaka usiku. Nitawaambia machache niliyoyaona, maana si vizuri kupimwa kwa kitu usichojua kilikotoka.

Ile hesabu ya kilo na kimo ilianza na Mbelgiji, Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hesabu na nyota, mwaka 1832. Yeye hakuwa daktari wala hakuwa anatafuta mtoto mgonjwa. Alitaka kujua mtu wa wastani yukoje. Jina la BMI lilikuja mwaka 1972 kwa Mmarekani Ancel Keys. Kwa hiyo ni kipimo cha kuchungulia makundi ya watu. Hakijui mfupa, hakijui misuli, hakijui maji mwilini.

Majedwali ya watoto wadogo, wa chini ya miaka 5, yana habari inayonifurahisha zaidi. Shirika la Afya Duniani liliyatoa mwaka 2006. Kabla yake, kuanzia 1997 hadi 2003, walipima watoto karibu 8,500 katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichagua watoto walionyonya vizuri, wanaokula vizuri na kutibiwa. Walikuta nini? Kwamba watoto wadogo wakitunzwa sawa, wanakua karibu sawa. Yaani mtoto wa Fizi au wa Rumonge hakuumbwa mfupi. Akipata maziwa ya mama, chakula na matibabu, anaweza kukua kama mtoto wa Norway. Majedwali ya miaka 5 hadi 19 yalifuata mwaka 2007.

Sasa tuangalie kwetu. Uchunguzi wa afya wa Burundi wa 2016-2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao. Hiyo ni zaidi ya nusu. Lakini duniani mambo yanageuka. Mwezi wa tisa 2025 UNICEF ilitangaza kwamba, kati ya watoto wa miaka 5 hadi 19, wenye unene wa kupindukia wamefika asilimia 9.4 na wenye uzito pungufu ni 9.2. Ni mara ya kwanza unene kupita wembamba. Afrika yetu ya kusini mwa Sahara bado haijafika hapo, na vilevile Asia ya Kusini. Lakini mijini tayari tunaona: soda, mandazi, sukari, kukaa bila kucheza. Na mtoto aliyedumaa udogoni, akija kupata sukari na mafuta kwa wingi, kilo zinaweza kukimbia kuliko kimo. Kwa hiyo tusiseme unene ni ugonjwa wa wazungu.

Yule mdogo wake

Nilidhani habari imeishia hapo. Haikuishia.

Siku ile kituoni, mama alikuwa amekuja na mtoto wake wa mwisho, wa miaka 3. Mtoto ana mashavu ya duara, ngozi inang'aa, amejaa. Mimi mwenyewe nilimsifu: "Huyu ndiye mwenye afya nyumbani!" Mama akasema majirani wote wanampenda, wanamwita Bonge.

Muuguzi hakusema kitu. Alimfunga mkononi ule mkanda wa rangi. Mnaujua: kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, ni hatari, kutoka 11.5 hadi kabla ya 12.5 ni njano, kuanzia 12.5 ni kijani. Mtoto alikuwa kijani. Nikasema moyoni, si nilisema?

Halafu muuguzi akainama, akashika miguu yote miwili, akabonyeza kwa dole gumba juu ya wayo, akahesabu mpaka tatu, akaachia. Pale alipobonyeza palibaki shimo kama la kidole kwenye unga uliokandwa. Mguu wa kulia shimo, na wa kushoto shimo.

Ilikuwa bwaki, ile ambayo wengine wanaiita kwashakoo. Mashavu yale yalikuwa maji. Hakukuwa na nyama. Mtoto alikuwa ameachishwa ziwa, na kwa miezi alikuwa anakula karibu bugali mtupu wa muhogo. Wenye asili ya Kivu mmelisikia jina hilo tangu zamani. Hospitali ya Lwiro, upande wa Bukavu, imetibu watoto wa bwaki kwa miaka mingi sana.

Alianza matibabu siku ileile. Na sikilizeni jambo hili: wiki za kwanza kilo zake zilishuka, na muuguzi akafurahi! Maji yalikuwa yanatoka. Mashavu yakaisha, tukaona mtoto mkonda aliyekuwa amejificha ndani, mama akalia. Baadaye kilo zikaanza kupanda tena, safari hii kwa nyama ya kweli. Leo anakimbia na kuku.

Basi tazama. Dada tuliyemwita mnene alikuwa mzima, na mdogo tuliyemsifu unene alikuwa anaelekea kaburini. Macho yetu yalikosea mara mbili katika nyumba moja. Ndiyo sababu tunapima. Lakini tupime vizuri.

Na kama mtoto amezidi kweli?

Wapo. Baba mmoja aliponiona natoka kituoni aliniuliza juu ya mwanawe wa miaka 8. Alikuwa amepimwa mara mbili, umri wake unajulikana, na kweli uzito umezidi sana. Baba alitaka kumnyima chakula cha jioni. Muuguzi alimkataza kabisa. Haya ndiyo aliyotueleza:

1. Mtoto asifungishwe njaa. Bado anajenga mifupa na akili. Mara nyingi lengo ni kilo zipande polepole au zikae palepale wakati kimo kinapanda. Mwaka ukipita, namba inajirekebisha.

2. Msibadilishe sahani ya mtoto peke yake. Badilisheni ya nyumba nzima. Ukimpa yeye lengalenga tupu na wenzake mandazi, umempa adhabu.

3. Anzeni na vinywaji. Soda na chai yenye sukari nyingi vinaongeza kilo bila kushibisha. Maji safi yanatosha.

4. Mawese yetu ni mazuri. Ile rangi nyekundu inasaidia mwili kutengeneza vitamini A. Lakini kijiko kikubwa kimoja cha mafuta yoyote kina kama kalori 120. Pima kwa kijiko, usimimine kwa macho. Maharage, sombe, ndagala na mboga vinashibisha vizuri.

5. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji angalau dakika 60 za kutoka jasho kila siku. Mpira, kamba, kukimbizana, vyote ni dawa ya bure. Na wasichana pia, tusiwape masufuria tu.

6. Alale vya kutosha. Mtoto wa shule anahitaji masaa 9 hadi 11.

7. Mpeleke kituoni haraka kama anakojoa mara nyingi na ana kiu isiyoisha, kama anakoroma na pumzi inakatika usingizini, au kama anachechemea kwa maumivu ya nyonga au goti.

Na la nane naongeza mimi: asitaniwe. Sijaona mtoto aliyepungua kwa kutukanwa. Nimemwona aliyeacha shule.

Uzi wa nyumbani

Kuna kipimo kimoja ambacho mama yeyote anaweza kukifanya bila mizani, bila hesabu, na hata bila kujua tarehe ya kuzaliwa. Wataalamu wa Uingereza wanakishauri kwa watoto kuanzia miaka 5.

Chukua uzi usiovutika. Mpime mtoto kutoka wayo mpaka utosini, bila viatu, kata uzi hapo. Kunja katikati, upate nusu. Sasa zungusha hiyo nusu kiunoni, kati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, mtoto akiwa ametoa pumzi kawaida. Ncha zikikutana, vizuri. Zisipofika, tumbo limezidi nusu ya kimo, nenda ukaulize kituoni. Usimwite mtoto jina lolote. Nenda ukaulize tu.

Kwa wadogo wa chini ya miaka 5 uzi huo haufai. Wao ni mkanda wa rangi na kidole gumba miguuni. Kule Niger kuanzia mwaka 2013 akina mama wa vijijini walifundishwa kutumia mkanda wenyewe nyumbani, na ikaonekana wanaweza vizuri, na watoto wagonjwa wanaletwa mapema kabla ya kuzidiwa. Mama wa Niger akiweza, mama wa Baraka atashindwa nini? Waulizeni wahamasishaji wa afya wawaonyeshe.

Neno kwa walimu wenzangu

Mtoto apimwe pembeni, na namba yake aambiwe mzazi kwa sauti ya chini. Isiandikwe ubaoni. Na kabla ya kuamini namba, fanya kama mama wa Rumonge mbele ya ndagala: angalia sifuri, angalia sakafu, angalia mkono wako. Uliza umri wa kweli. Kwa wazazi ambao kadi zao zina mwaka wa kukadiria, fikirini tukio mnalolikumbuka, mwelezeni muuguzi, na mkapate ushauri ofisi ya uandikishaji namna ya kusahihisha.

Na kuhusu yule binti. Nilimwomba msamaha nyumbani kwao. Mama yake akaniambia, "Mwalimu, wewe ni mtoto wangu, nitakuambia kweli. Ulimpima mbele ya watu. Kumwomba msamaha jikoni kwangu haitoshi."

Ilikuwa kweli. Siku ya kumi na moja alirudi shuleni akiwa ameshikwa mkono na mama yake. Nilisimama mbele ya darasa nikasema nilikosea vipimo, nilikosea umri, na nilikosea kutabasamu. Sikutaja namba yoyote. Watoto walinyamaza. Mimi miguu ilikuwa inatetemeka kuliko siku ya mtihani wa taifa.

Lile jina la Mama Mgao halikufa siku hiyohiyo. Lilichukua wiki kadhaa, na mara mbili nililazimika kuwaita wazazi wa wavulana fulani. Yeye mwenyewe kwa muda mrefu hakuinua mkono darasani. Sasa anainua. Na somo la vipimo tunalifanya kwa ndoo za maji, kuni na maharage.

Wazazi, mkiwa na swali, leteni kwa karatasi pale ofisi ya shule, au nisimamisheni njiani kama kawaida. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya watoto wanaosinzia darasani. Kabla ya kuwachapa, tutajiuliza walilala wapi na walikula nini.

Mbaki salama.

Mwalimu wenu wa kujitolea